Spoki Saba za Salamu

Mwaka 1997, nikiwa na miaka thelathini na saba, shida yangu ilianza, na ilianza kwa spana namba kumi na nne.

Nilikuwa fundi baiskeli Garsen, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Shule niliacha darasa la tatu, lakini rimu iliyopinda niliinyoosha kwa sikio. Naizungusha, nasikiliza, najua ni spoki gani imelegea kabla jicho halijaiona. Fundi mwingine wa namna hiyo hakuwepo kutoka Garsen mpaka Hola. Anayebisha aje tubishane, bado niko hai.

Siku hiyo baba mkwe wangu alitoka Ngao kuja kunitembelea. Mzee wa heshima, mkulima wa mpunga na ndizi, mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na chochote hapa duniani. Alitembea, akapata trekta, akashushwa, akatembea tena. Alifika jua likiwa utosini. Mimi nilikuwa nimeinamia gurudumu la nyuma la mtu, na spana yangu nilikuwa nikiitafuta tangu asubuhi. Mzee akaketi juu ya gunia langu la vyuma, akalaza fimbo yake chini, akavuta pumzi.

"Hujambo, mwanangu?"

"Nina jambo," nikamjibu. "Umekalia spana yangu."

Kabla hujanicheka, nisikilize nilivyofikiri. Mtu akikuuliza hujambo, anauliza kama huna jambo. Ukijibu sijambo, umesema huna. Mimi nilikuwa nalo, tena lilikuwa chini yake pale, nimeliona likichungulia kwenye pembe ya gunia. Mama yangu alinifundisha nisiseme uongo. Alifundisha hilo vizuri sana, akasahau mengine yote.

Mzee aliinuka kidogo, nikachomoa spana, nikashukuru. Watu wakihadithia kisa hiki huwa wanaruka hapo. Nilishukuru. Kisha nikarudi kwenye gurudumu, kwa sababu gurudumu lilikuwa la mtu na mtu alikuwa anasubiri. Mzee alinitazama nikilizungusha. Nikadhani anapumzika. Mwisho akasema, "Basi, mwanangu, mimi nirudi."

"Haya," nikasema. "Ukipita mkono wa kushoto kuna kivuli."

Akaenda. Hata njia ya kivuli nilimwonyesha, na bado nikaonekana mbaya.

Kila mtu wa Tana anajua nilichokosa, ila mimi. Mzee akisema acha nirudi, anakuomba umshike. Unamwambia jua hili, baba? Kaa kidogo. Anakataa. Unamshika mkono. Anakataa tena. Unaleta maji, unaagiza chai, anasema hana haja, na anakunywa vikombe viwili. Wenzangu wote walizaliwa wakijua. Mimi nilisikia neno "nirudi" nikajua maana yake ni kurudi.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda changu, alikuwa akiketi mama mmoja wa Kiorma aliyeuza maziwa kwa kibuyu. Aliona yote. Mke wangu aliporudi kutoka shambani alisimuliwa kila kitu kabla hajatua kikapu: spana, gunia, haya, kivuli. Huyo mama ndiye aliyenichoma, na huyo huyo ndiye aliyenitibu, kwa hiyo simlaumu sana.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja, kama baba yake alikunywa maji.

"Hakuomba," nikasema.

Akafunga mzigo, akamshika mkono binti yetu wa miaka minne. Alisimama mlangoni, hakunitazama. "Siku utakapojua kumsalimu baba yangu kama mtu, uje. Kabla ya hapo usije."

Nilitaka kwenda kesho yake. Nikajaribu kupanga nitasema nini na nikaona sina kitu zaidi ya kile nilichosema jana. Nikakaa wiki moja nikifikiri, na mvua ikaja. Mvua ile ya El Nino kila mtu anaikumbuka. Mto Tana ulitoka kitandani mwake ukasambaa kama maziwa yaliyomwagika, barabara ya Ngao ikapotea, na Ngao ikawa upande wa pili wa maji na mke wangu ndani yake. Miezi ikapita. Hakuna mtu anayeendesha baiskeli ndani ya maji, kwa hiyo kazi ilikwisha. Ng'ombe wa Waorma walikuwa wamehamishiwa kwenye miinuko, kwa hiyo maziwa nayo yalikuwa haba. Mama wa maziwa alikuwa bado anakuja na kibuyu nusu, kinaisha mapema, halafu anavuka barabara na kujikinga mvua chini ya mabati yangu. Watu wawili bila kazi, siku nzima.

Yeye alikuwa mtu wa kuchokoza. Kiswahili chake kilikuwa cha malishoni, lakini kilifika. Siku ya kwanza kuketi kwangu aliniamkia, nami nikamwambia paa inavuja na mguu unaniuma. Akatikisa kichwa.

"Wewe fundi nasalimia mutu kama nafukuza kuku."

Nikamwambia ni tabia za kwetu, mimi ni mtu wa juu ya mto, wa upande wa Chewele. Akasema watu wa Chewele anawajua, wanasalimia mpaka chai inapoa. Hapo ndipo niliposhtuka, maana jibu la "tabia za kwetu" ndilo nililokuwa nikiishi nalo. Wapokomo wenzangu wa Ngao walisema tabia yangu nimeitoa kwa wafugaji huko juu. Wafugaji walisema ndivyo walivyo Wapokomo. Waswahili wa Kipini waliokuja kuuza samaki walisema huyo ni mtu wa bara, msameheni. Kila kabila lilinipeleka kwa jirani, na jirani akanirudisha.

Nikamuuliza yeye sasa mimi ni wa wapi. Alinitazama kama anayepima ndama wa kununua.

"Orma hapana mutu kama wewe. Pokomo hapana. Wewe iko kabila yako, peke yako."

Nilijidai sikuumia. Nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu utoto, kwa nini watu wanauliza jambo wasilotaka kulijua. Wanauliza habari, ukiwapa habari wanakimbia. Akaniuliza ng'ombe hukamuliwa vipi. Nikasema sijui, sijawahi kukamua.

"Ndiyo shida yako. Ng'ombe si bomba. Kwanza wewe naachia ndama, nanyonya kidogo. Ng'ombe naona mutoto wake, roho nalainika, maziwa nashuka. Halafu wewe natoa ndama, nakamua. Salamu ni ndama. Wewe nakuja na kibuyu tu, navuta chuchu, ng'ombe napiga teke."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Ng'ombe sina, lakini rimu ninazo, na hatimaye nikaona ni kitu kile kile. Rimu iliyopinda huwezi kukaza spoki moja mpaka mwisho. Utaivunja. Unakaza hii robo, ile robo, unazunguka, unarudi, na inanyooka yenyewe ukiwa hujaona. Basi watu nao ni rimu. Mbona hakuna aliyeniambia?

Nikachukua spoki saba za zamani, nikazikata fupi za urefu wa kidole. Moja ya afya, moja ya nyumba, moja ya watoto, moja ya shamba, moja ya mto, moja ya mifugo, moja ya mvua. Nikaziweka mfuko wa kulia wa suruali. Kila ninapouliza salamu moja nahamisha spoki moja mfuko wa kushoto. Kushoto kukijaa, ndama ametosheka, na hapo naruhusiwa kusema nilichokuja kusema. Mama wa maziwa alipoona mpango huu alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakatetemeka kwa muda. Kisha akasema tujaribu.

Nilijaribu kwa watu wa Garsen, maskini, walikuwa wamekwisha kupata mafuriko, wakanipata na mimi. Nilimuuliza karani mmoja kapera habari za watoto. Nilimsalimu dereva wa lori lililokuwa likitembea, nikamfuata kwa miguu hadi spoki ya nne. Muuza samaki wa Kipini nilimuuliza habari za ng'ombe wake, akajibu njema. Nikamwambia, lakini huna ng'ombe. Akasema, "Sina, ndugu yangu, na wewe huna haja nao. Kwa hiyo tuko salama wote wawili."

Macho nayo yalikuwa na somo lake. Mama wa maziwa aliniambia nimtazame mtu nikiongea naye. Nikamtazama mtu mmoja, sikupepesa, mpaka akajipangusa uso akiniuliza kama ana nzi. Basi mama akanipunguzia, akasema tazama kofia. Asiye na kofia tazama sikio. Mpaka leo nawajua watu wa Garsen kwa masikio yao.

Siwezi kusema ilikuwa raha. Nikifunga kibanda nilikuwa nimechoka kuliko siku ya kunyoosha rimu kumi. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikisema amani, amani, njema, alhamdulillahi, na nikajiuliza huyu anayesema ni nani. Ni mimi, au nimemvaa mtu mwingine kama koti la kuazima? Na mke wangu akirudi atakuwa amemrudia nani? Hilo nilimwambia mama wa maziwa. Yeye akainua kibuyu chake.

"Maziwa natia kwa kibuyu, natia kwa sufuria. Maziwa ni maziwa."

"Si kweli," nikasema. "Ya kibuyu yananuka moshi."

Waorma husafisha kibuyu kwa moshi wa kijinga cha moto, na harufu haitoki. Alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kukubali haraka, nadhani ndiyo sababu tulielewana.

"Ndiyo," akasema. "Nanuka moshi. Lakini ni maziwa."

Mwaka uliofuata barabara ilipokauka kiasi cha kupitika, nilipanda baiskeli kwenda Ngao. Nilivaa shati safi. Spoki saba mfuko wa kulia. Njiani nilirudia somo lote mara nane, nikaangukia tope mara mbili.

Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake akichambua mbegu za mahindi. Mke wangu nilimwona akiingia ndani haraka, na pazia la mlango likabaki linacheza. Nilijua yuko nyuma yake. Nikaegemeza baiskeli, nikavua kofia, nikainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

Jamani, mambo niliyokuwa nayo siku hiyo. Nilikuwa na tope mpaka magotini, mke aliyeondoka, mtoto ambaye sijamwona miezi mingi.

"Sijambo," nikasema, na dunia haikuanguka.

Nikaanza. Afya yako, baba? Njema. Kliki, spoki ya kwanza ikaenda kushoto. Watu wa nyumbani? Wazima. Kliki. Watoto? Wanacheza. Shamba? Liko. Mto? Umetulia. Nikafika mifugo. Sasa, nilipokuwa naingia uani nilipita zizi la mbuzi. Lilikuwa tupu, limejaa tope lililokauka, na mlango umelala chini. Mbuzi wa mzee huyu walijulikana mpaka Garsen.

"Mbuzi nao, baba?"

"Wazima," akasema.

Ulimi wangu ulisimama mlangoni kama fahali. Nilikuwa na sentensi kamili: mbuzi hawako, nimeona zizi. Nilitazama sikio la mzee. Sikio lilikuwa limekonda. Nikashika spoki ya sita kwa nguvu mpaka ikanichoma kidole, nikaihamisha, nikasema tunashukuru.

Yeye akachambua mbegu chache. Halafu akasema polepole, kama mtu anayeongea na mbegu, "Ila maji yaliwachukua wote. Hata yule beberu."

Nikasema pole, baba. Na hapo, nikiwa na miaka thelathini na minane, niliona maziwa yakishuka kwa macho yangu. Kama ningevuta mimi, angenipiga teke. Nilingoja, akaniambia mwenyewe.

Tukakaa. Kisha akaniuliza, "Hicho kinacholia mfukoni mwako ni nini?"

Mama wa maziwa hakunifundisha jibu la swali hilo. Kwa hiyo nilisema kweli. Nikazitoa zote, sita za kushoto na moja ya kulia, nikazilaza juu ya ungo wa mbegu, nikamweleza moja moja. Nyuma ya pazia nilisikia mtu akikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Mzee aliiokota ile iliyobaki. "Na hii?"

"Ya mvua."

"Ya mvua hukuniuliza."

"Niliona haifai, baba. Mvua ndiyo iliyokula mbuzi wako."

Hilo hakuna aliyenifundisha. Sijui lilitoka wapi. Mzee aliigeuza ile spoki kidoleni kwa muda mrefu, akaichomeka kwenye makuti ya paa juu ya kichwa chake, akaita chai iletwe.

Ningependa kumaliza hapo, nikiwa nimeshinda. Lakini mama wa maziwa alinifundisha kuingia tu, kutoka hakunifundisha. Nilipomaliza chai nilisema, basi baba, mimi nirudi. Akasema jua hili, mwanangu? Kaa kidogo. Nikakaa. Jua likapungua, nikasema nirudi. Akasema chakula kiko motoni, kaa kidogo. Nikakaa, nikala. Nikasema nirudi. Akasema giza hilo? Nikalala. Asubuhi nikaaga, akasema kaa upate uji. Huyu ni mzee wa heshima, sikutaka kumkosea mara ya pili kwa kumkatalia. Nilikaa siku tatu.

Sikukaa bure. Nilinyoosha rimu zote za boma lile, nikahamia za jirani, na watu wakawa wanaleta baiskeli zilizotolewa ndani ya matope. Binti yangu alinishikia pampu. Mke wangu alituma chakula, yeye mwenyewe alibaki nyuma ya pazia. Mzee kila nilipoaga aliniambia nikae, lakini siku ya tatu niliona anasema akiwa ameangalia barabara.

Mchana huo mke wangu alitoka, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Baba mtoto, unajua kwamba baba anakuambia ukae kwa adabu tu?"

"Nami nimekaa kwa adabu."

"Mara ya tatu mtu huondoka."

"Hukuniambia."

"Sukari imekwisha," akasema. "Baba hataweza kukufukuza mpaka afe. Itabidi nikuondoe mimi."

Alikuwa anang'ata mdomo asicheke, hilo nililiona bila kufundishwa. Nikamuuliza kama anamaanisha aniondoe hadi barabarani au hadi nyumbani, maana ni vitu viwili tofauti. Akasema nyumbani. Akaingia kufunga mzigo, kisha akatoa kichwa nje ya pazia.

"Na ile sauti uliyokuja nayo, ya njema njema, uliitoa wapi?"

"Nimejifunza."

"Ni nzuri. Kwa watu. Ukifika nyumbani iache nje pamoja na viatu. Mimi niliolewa na yule mwingine."

"Yule aliyemwambia baba amekalia spana?"

"Huyo huyo. Ila baba asimwone."

Tulirudi Garsen, mtoto kwenye mtaimbo wa baiskeli, mke nyuma na mzigo kichwani, na mzee akatusindikiza mpaka mwisho wa kijiji, hatua za mtu aliyetua gunia. Mama wa maziwa alipotuona alivuka barabara na kuanza salamu na mke wangu. Walikwenda nyumba, watoto, mto, ng'ombe, mvua, wakarudi mwanzo. Mimi niliingia kibandani.

Miaka imepita mingi. Binti yangu yule amezaa binti, na binti huyo alifika miaka mitano hajibu salamu ya mtu, anapanga mawe kwa ukubwa. Tulimpeleka hospitali. Daktari kijana alimuuliza mama yake maswali. Anapenda vitu vizungukavyo? Nikasema ndiyo. Hatazami macho? Nikasema naangalia masikio. Anachukua maneno kama yalivyo? Nikasema ndiyo, na yapaswa kuchukuliwa vipi. Daktari akaweka kalamu chini, akasema, mzee, mimi nauliza habari za mtoto.

Akatupa jina, usonji. Nikamuuliza kama ni ugonjwa. Akasema hapana, ni namna kichwa kilivyoumbwa, na wako wengi. Wengi, alisema. Binti yangu alikuwa analia, mimi nilikuwa nahesabu kwenye vidole watu ninaowashuku. Sikuhuzunika hata kidogo. Mtu akiishi miaka zaidi ya sitini bila kabila, halafu akaletewa, hasemi amechelewa. Tulipotoka nje nilimwambia binti yangu mtoto hana ubaya, tatizo lake ni kwamba atakutana na wazee wanaosubiri salamu. Mama wa maziwa hakuwahi kulisikia neno hilo, alishafariki. Nadhani angesema linanuka moshi, lakini ni maziwa.

Leo nina duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki Garsen, la matofali. Nina nyumba ya vyumba vinne, paa haivuji. Nina ekari mbili za mpunga na migomba Ngao, alizotuachia mzee. Nina mbuzi, idadi sitaji, mama wa maziwa alinikataza kuhesabu mifugo kwa sauti. Nina mke mmoja, yule yule. Nina kibuyu kimoja. Nina spana namba kumi na nne. Nina spoki sita.